Shafti Uliyotutumia Haikuvunjika

Chumba cha uani,
Nyumbani kwetu.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Shafti ya usukani uliyotutumia haikuvunjika. Nimekuficha hilo miaka yote hii, na sitaki kuondoka nalo.

Sasa nikusalimu. Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Mimi kifua kimeniweka kitako. Nikivuka ukumbi tu naomba poo. Daktari haniambii tena "ukipona". Nisamehe mwandiko, naandikia kitandani.

Unaikumbuka pikapu yetu ya kubebea mbao. Usukani ulikuwa umelegea kwa kuwa shafti, chuma kinachouunganisha na matairi, ilikuwa imelika; unazungusha robo nzima ndipo matairi yaitike. Niliyeuweza ni mimi peke yangu. Mtu akitaka kwenda popote, alianza kwangu kunibembeleza. Shafti yako ilipofika, si ya kiwanda kilichounda gari lakini nene na imara kuliko ile ya zamani, nilikuandikia ahsante huku nimenuna.

Fundi Miwani alinyoosha matairi, akaufunga usukani kwa kamba usizunguke, akatoa ya zamani na kuingiza mpya. Alipomaliza kubana bolti ya juu na ya chini, akaniambia, "Mzee, sasa hata bibi harusi ataendesha."

Mke wangu, shemeji yako, hakungoja. Alizunguka mtaa, akarudi anacheka. "Kumbe gari halikuwa na ubishi, mbishi ni mwenyewe! Shemeji yangu ndiye mwanamume, yuko mbali na bado anatukumbuka." Watoto wakapiga makofi. Chai ilinipalia.

Wivu wenyewe haukuanza siku hiyo. Mama alikuwa akiwasomea wageni barua zako. Mimi niliyekuwa nikimbeba kwenda hospitali, alinitambulisha kwao kuwa "huyu wa hapa".

Basi jioni ile niliingia uvunguni mwa gari na spana, nikailegeza bolti ya chini. Nilipanga kesho yake niendeshe mwenyewe, polepole, usukani ucheze mbele ya watu, niwaambie: haya, kioneni kitu cha mdogo wangu.

Asubuhi yake shemeji yako akaniwahi funguo. Kwenye kona ya kiwanda cha mbao shafti ilichomoka, usukani ukazunguka bure, pikapu ikavaa ukuta. Alivunjika nyonga; anachechemea hadi leo. Shafti niliitupa kabla fundi hajaiona, nikakuandikia kwamba imekatika. Ukaomba radhi kwa kosa lisilo lako, na tangu hapo ukaona haya kukanyaga kwetu.

Juzi nilimwambia shemeji yako habari ya bolti. Alikunja shuka lote. Kisha: "Mwandikie arudi. Wewe nitakusema yeye akiwapo, nipate shahidi."

Rudi, mdogo wangu. Yeye anakusalimu. Dada yetu mkubwa anakusalimu, pia Fundi Miwani, ambaye mpaka leo hunitazama kwa jicho la pembeni. Mungu akulinde wewe na walio wako, na wanao wapendane kuliko tulivyopendana sisi.

Limebaki moja, ambalo hata shemeji yako sijamwambia. Asubuhi ile nilikuwa nimesimama dirishani. Nilimwona akifungua mlango wa gari, anaimba. Angenisikia kama ningemwita. Sikumwita.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda japo nimechelewa.