Kitabu Kilichorudi Bila Miguu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijachanganyikiwa kabisa. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na binti yangu wa miaka tisa alijiunga na klabu ya vitabu ya maktaba, ile ya kwenye simu, watoto wanaazima kitabu humohumo na kila Jumamosi wanakutana humohumo kukijadili, basi akawa ananisomea huku napinda sketi za shule, kitabu cha kobe fundi wa madaraja, na nisiseme uongo, nikawa namsubiri kobe kuliko wateja. Tukafika kobe yuko katikati ya mto, daraja halijaisha, kesho yake naambiwa kitabu hakipo. Nikauliza kimeenda wapi, akasema, "Kimejirudisha chenyewe, mama." Mshauri, mimi nimeazima vitabu tangu sina meno ya mbele, sijaona hata kimoja kilichoinuka kikaenda zake maktaba. Nikajua amekifuta kwa michezo yake, Jumamosi nikamwita mwongo wenzake wote wakisikia, nikamtoa klabuni na simu nikaifungia kabatini. Juzi nimekwenda maktaba kuomba radhi kwa kitabu kilichopotea, mkutubi akacheka, akasema ni kweli, siku kumi na nne zikiisha kinajirudisha. Sasa sielewi, wamepanga njama au mimi ndiye niliyeachwa nyuma, na mtoto kila nikimsemesha ananijibu "sawa mama" tu, hata habari za kobe hataki kuzisikia. Nifanye nini?

Fundi Gizani

Fundi, njama ya nini? Mkutubi mzima apange na mtoto wa miaka tisa kukuficha kobe? Kitabu cha kwenye simu kina siku zake, zikiisha kinajifunga ili mwingine akiazime. Hukujua, na kutojua si kosa. Pole. Lakini ulimuuliza mtoto, akakujibu kweli, ukamwaibisha kwa sababu tu ukweli wake ulikuwa mgeni kwako. Hapo umekosa, tena sana.

Toa simu kabatini leo. Mrudishe klabuni, na Jumamosi, wenzake walewale wakisikia, sema kwa mdomo wako kwamba binti yako alisema kweli na wewe ndiye uliyekuwa hujui. Usimtume baba yake, wala usimshonee gauni badala ya maneno hayo. Kisha mwombe akufundishe kuazima, maana kobe bado yuko mtoni. Kitabu kitajirudisha chenyewe. Mtoto hajirudishi, mfuate.