Hoja ya Twyla

Hazard, Kentucky, 6 Machi

Kwako mdogo wangu Harlan,

Hujambo huko gerezani? Sisi wazima, ila goti la mama linamsumbua. Nimejiandikisha kufanya mtihani wa kuingia chuo cha sheria. Usicheke, wenzangu wa jikoni pale shuleni wameshanicheka vya kutosha. Hebu ona swali hili: “Kila mgahawa unaofunga mapema hukosa wateja. Mgahawa wa Opal hauna wateja. Kwa hiyo hufunga mapema.” Kosa liko wapi? Nimelikodolea macho mpaka maharage yakaungua.

Nitakutoa humo, mdogo wangu.

Dada yako, Twyla

20 Machi

Dada Twyla,

Shikamoo. Mimi mzima, mpe mama pole. Pengine Opal hajui kupika tu! Kufunga mapema kunafukuza wateja, sawa, lakini hata chakula kibaya kinawafukuza. Nilimsomea Cletus, mwenzangu wa chumba. Kasema yeye angekwenda kwa Opal hata akipikiwa viatu. Leta mengine.

Mdogo wako, Harlan

2 Juni

Harlan,

Natumai u mzima. Mama anakusalimu. Majaribio nimekosa nusu. Sasa wanauliza dhana: jambo ambalo mtu hakulisema, lakini hoja yake imelikalia. Ukilikanusha, hoja inaanguka. Nakuletea kurasa kadhaa. Nikichoka nakukumbuka wewe, naendelea.

Dada yako, Twyla

15 Juni

Dada,

Shikamoo. Afya yangu nzuri. Maswali yako nimeyamaliza, sasa nawe jibu langu. “Twyla anataka uwakili ili amtoe Harlan gerezani. Chuo ni miaka mitatu, na hajaanza. Harlan anatoka mwakani.” Dhana yake ni ipi? Dada, nitakuwa mezani nakula mkate wa mahindi wa mama, wewe bado uko darasani. Kama unajitesa kwa ajili yangu, acha.

Mdogo wako, Harlan

9 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu Juni, hujajibu. Mama kwenye simu anasema mko salama ila huongei. Nilikukosea?

Harlan

4 Novemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi salama, goti limepoa. Nilikukasirikia kwa sababu ulisema kweli. Vitabu nikavirudisha maktaba, nikawa nakaa na mama kutazama televisheni. Kila mtangazaji akisema neno, mimi: “Umejuaje? Hiyo haifuati!” Mama akachoka. “Twyla, karudie vitabu vyako, unatuharibia taarifa ya habari.”

Nikarudi. Mtihani nimefanya. Nilipoweka kalamu chini ndipo nikagundua sikukuwaza wewe hata mara moja. Niliona raha tupu, Harlan. Nisamehe. Matokeo yametoka, yanatosha kuomba chuo kule Lexington.

Dada yako, Twyla

17 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo, tena shikamoo kubwa. Nimeisoma barua yako kwa sauti mpaka Cletus kaomba amani. Sijawahi kufurahi kusahauliwa namna hii.

Siku nikitoka, kama una darasa, usije kunipokea. Mama atakuja.

Mdogo wako, Harlan