Gari Halijauzwa, Baba Nekesa

Mpendwa Baba Nekesa,

Gari halijauzwa. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Kama ungekuwa umesafiri tu na ukarudi leo, ungepita mlangoni bila salamu, uzunguke nyumba uangalie kama liko, ndipo ukumbuke kuuliza watoto wanaendeleaje. Basi liko. Limeegeshwa pale pale kando ya tangi la maji, na watoto pia wako, hawajambo, asante kwa kuuliza.

Unakumbuka siku lilipofika? Mvua ilikuwa imenyesha hapa kwetu Kibomet tangu asubuhi, nawe ukaja nalo polepole, taa zinawaka mchana, honi haikomi, majirani wote wametoka na miavuli kutazama. Vani ya viti vinane, safu tatu, mlango wa kuteleza upande mmoja, na vibandiko vya Kijapani kila mahali, ambavyo ulikataza mtu yeyote kuvibandua. Ukasema kwa vile limetufikia na mvua, jina lake ni Nafula, kama msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Nikakwambia, "Haya, umeniletea mke mwenza." Ulicheka mpaka ukaegemea boneti. Na kweli, kila Jumamosi ulimwosha kwa mikono yako, wewe ambaye sijawahi kukuona ukiosha kikombe.

Tulilinunua kwa jasho letu wote wawili. Wewe ulisimamia matrekta kwenye shamba kubwa la mahindi nje ya Kitale, mimi nikashona sare za shule, na shule zilizoniamini zaidi zilikuwa huko juu Kapsokwony. Kabla ya Nafula nilipeleka sare kwa pikipiki, magunia mawili kwa safari, na kuteleza mara moja tu kwenye matope kulitosha kunirudisha nyumbani na mashati ya kufua upya. Kwa hiyo gari hilo halikuwa pambo kwangu. Lilikuwa kazi.

Sasa tuongee mambo ya oili. Usikunje uso, huko uliko hakuna pa kukimbilia.

Kila msimu wa kulima ulipoisha, tajiri wako alikupa dumu la oili iliyobaki, ile nzito ya matrekta, namba arobaini. Ukaimimina kwa Nafula. Nikakuuliza kama trekta la dizeli na kivani cha petroli ni kitu kimoja, ukanijibu, "Oili inayolima ekari mia itashindwa na hiki kidude?" Trans-Nzoia nzima wanaume mnafikiri hivyo. Mtu akishapanda trekta, basi kila chenye injini kwake ni trekta dogo.

Halafu ikaja ile asubuhi ya Kapsokwony. Tulikuwa tumelala kwa mwalimu mmoja baada ya kupeleka sare, baridi ya mlima imekaza, na Nafula akakataa kuwaka. Alikoroma tu, akanyamaza. Walimu watano wakiwa na tai shingoni walitusukuma mpaka kwenye mteremko, ndipo akashtuka akatoa moshi. Nilikaa ndani nimefunika mdomo kwa leso, nacheka na kuona aibu pamoja. Wewe ukasema, "Ni baridi tu, bana." Baridi! Pikipiki zote za kijiji zilikuwa zimeshawaka.

Nilipofika nyumbani nilikitoa kile kitabu cha gari kilichokuwa kwenye droo ya mbele. Kijapani kitupu, ulikuwa ukisema hata shetani hawezi kukisoma. Nilikifungua ukurasa kwa ukurasa mpaka nikafika penye picha ya kopo la oili, na kando yake kumeandikwa 10W-30, oili nyepesi kuliko yako. Namba haina kabila, Baba Nekesa. Nikakuletea, nikakuwekea kidole pale pale. Ukaniambia, "Wewe shona, mimi niendeshe."

Maneno hayo yaliniuma. Nilikaa nayo siku nyingi na sikukwambia, kwa hiyo nakwambia leo: yaliniuma.

Lakini pia ni wewe uliyenifundisha kuendesha, siwezi kukudhulumu hapo. Mahindi yalikuwa yamevunwa, shamba limebaki mabua, ukaniweka kwenye usukani na kunizungusha mle jioni tatu mfululizo. Nilikuwa nakanyaga mafuta na kuachia, nakanyaga na kuachia, na Nafula anarukaruka. Ukapiga kelele, "Mama Nekesa! Hiyo si cherehani! Weka mguu uutulize!" Siku hiyo nilijua gari linakula mafuta kufuatana na mguu wa anayeliendesha. Ulinifundisha kuuona mlima kabla haujafika, nipate kasi mapema, nisije nikalikamua katikati ya mlima. Mambo hayo uliyajua vizuri, hakuna fundi aliyekuzidi.

Ulipougua, wiki mbili zilitosha. Sitaki kuyarudia hayo. Tulikuzika kwenu Bungoma, na siku ya tatu ukoo ulipoketi kunyoa nywele na kupanga mambo yako, gari lilikuwa la pili kutajwa, baada tu ya ng'ombe. Mdogo wako Simiyu akasimama. Hakuwa na ubaya, unajua yeye ana mdomo tu. "Hii gari inakunywa petroli kama haina haya," akasema. "Kila baridi inasukumwa. Shemeji ni mwanamke, fundi watamkula mpaka mifupa. Tuuze, watoto wapate karo." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka na kichwa kimenyolewa, na moyoni naona kazi yangu yote inarudi kwenye pikipiki.

Nikainuka. Nikasema, "Nipeni mpaka mahindi yavunwe. Likinishinda, ufunguo nitauleta hapa mimi mwenyewe, hakuna atakayenifuata." Baba yako akatazama juu ya vichwa vya watu, kisha akasema kwa wote kwamba mavuno si mbali.

Kesho yake niliporudi Kitale nilimpeleka Nafula moja kwa moja kwa Fundi Rajabu, yule mwenye banda nyuma ya msikiti. Nilimpa kile kitabu cha Kijapani. Akatazama picha, akanitazama mimi, akasema, "Mama, umechelewa kuja." Oili ya trekta ilitoka nyeusi tititi, ikining'inia kwenye tundu kama haitaki kuondoka. Nilipoiona ikishuka kwenye karai nilihisi nakusengenya mbele ya watu, haki ya Mungu. Karibu nimwambie airudishe. Lakini nilikaza roho, tukaweka chujio jipya la oili, tukaweka 10W-30, na nikamwambia Rajabu anionyeshe kile kijiti cha kupimia. Akanionyesha: gari likae mahali tambarare, injini imepoa kidogo, ufute kijiti kwanza, ndipo uchovye. Wewe ulikuwa unachomoa, unatazama mara moja, unasema iko sawa. Ala! Ulikuwa unapima nini?

Halafu tukafungua nyuma. Baba Nekesa, ulikuwa umebeba nini wewe? Minyororo ya kuvutia, vyuma vya plau, jeki ya trekta, nati za kujaza ndoo. Wanaume wawili walihema kuvitoa. Nafula alikuwa akipanda Mlima Elgon na nusu ya karakana ya tajiri wako mgongoni, halafu tunashangaa anakunywa. Vyote nimevirudisha shambani. Na chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi la mahindi, Rajabu alilikung'uta kidogo tu akalitupa. Magurudumu yalikuwa na upepo nusu.

Nikaanza kupima mwenyewe. Si kwa kukisia kwa sindano ya mafuta, sindano ni mwongo. Najaza tangi mpaka juu, naandika kilomita nyuma ya kalenda ya jikoni, nazunguka na sare zangu, narudi kituo kile kile, najaza tena mpaka juu, naona lita ngapi zimeingia. Wewe ulijua hesabu yako ya zamani: tangi moja, Kapsokwony kwenda na kurudi mara nne, ya nne unaomba Mungu. Sasa ni mara tano, na ya sita naianza bila wasiwasi. Asubuhi anawaka kwa mara moja, hata mlimani. Mwalimu mmoja aliniuliza kama nimenunua gari lingine.

Usiku mmoja tu nilikuwa na hofu, kabla ya kwenda Bungoma baada ya mavuno. Nilijua gari ni zima. Nilichokuwa sijui ni kama ukoo utataka kujua.

Nilifika kwenu mapema, jua halijapasha. Nikamkuta Simiyu na mnunuzi kutoka Webuye, wameshakunywa chai. Na baba yako goti lilikuwa limemvimba, anatakiwa hospitali mjini. Simiyu akaona nafasi yake. "Shemeji, leta ufunguo nimpeleke mzee, na huyu bwana aone vile inatembea." Nikasema hapana. "Mavuno ndiyo leo, na bado hatujaketi. Mpaka tuketi, dereva ni mimi."

Wee! Unajua heshima yetu ilivyo. Mimi na baba yako tangu nimeolewa hatujapeana mkono, hatujakaa benchi moja, na neno lake kwangu hupitia kwa mtu. Nitamwendesha vipi? Pikapu ya Simiyu ina kiti kimoja cha mbele tu, ningekaa na mzee bega kwa bega ingekuwa aibu ya kusimuliwa mpaka Malakisi. Mama yako ndiye aliyetuokoa. Alivuta ule mlango wa kuteleza, akachungulia ndani, akahesabu safu kwa kidole, akasema, "Mzee akae nyuma kabisa. Mimi nitakaa katikati." Na baba yako, na goti lake, akajivuta mpaka safu ya tatu, akakaa, akanyoosha mguu wake wote kwenye kiti. Hakuna gari lingine katika ukoo huo ambamo angeweza kufanya hivyo.

Nafula aliwaka mara moja. Simiyu alikaa mbele kando yangu na macho kwenye sindano ya mafuta. Barabara ile ina milima midogo midogo, nikaiona mapema kama ulivyonifunza, mguu umetulia. Tulipofika mjini Simiyu aligonga kioo cha sindano kwa ukucha. "Imekwama?" Nikamwambia, "Haijakwama, shemeji. Imeshiba." Mama yako alicheka sana.

Wakati wa kurudi, sauti ya mzee ikatoka nyuma. "Mwambie mama wa watoto aende hivyo hivyo, asiongeze." Mama yako akanigeukia: "Mzee anasema uende hivyo hivyo, usiongeze." Nilikuwa nimesikia, lakini nilisubiri niambiwe. Kisha tena: "Mwambie Simiyu, yule mtu wa Webuye anywe chai yake aende." Mama yako akafungua mdomo kurudia, Simiyu akasema, "Nimesikia, mama." Na mwisho kabisa, tukiwa tunakata kona ya kwenu: "Mwambie mama wa watoto aandikishe hii gari kwa jina lake. Mwenye kuitunza ndiye huyu." Mama yako hakurudia hilo. Aliniwekea tu mkono begani, na mimi sikuweza kumtazama kwa sababu nilikuwa naendesha.

Simiyu wiki iliyopita alinipigia simu. Ati pikapu yake inasumbua asubuhi, nimwambie aweke oili gani. Nikamwambia alete kitabu chake tukisome.

Barua za korti za urithi zilichelewa kidogo, lakini zilitoka, na jana nikaenda kubadilisha logbook, ile hati ya mwenye gari. Nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa fomu yenyewe. Nilidhani nitafika pale nikufute, na nilikuwa nimeapa sitalia mbele ya makarani. Karani akanipa fomu. Kumbe haifuti mtu. Ina nafasi ya mmiliki wa zamani na nafasi ya mmiliki mpya, moja juu ya nyingine. Nikaandika jina lako lote, pole pole, kwa mwandiko wangu mzuri. Chini yake nikaandika langu. Karani alikuwa ananingoja nimrudishie, na mimi nimeishika tu karatasi yake, kwa sababu majina yetu hayakuwa yamekaa hivyo, jina chini ya jina, tangu siku tulipotia sahihi cheti cha ndoa.

Pumzika basi, mume wangu. Kesho naelekea mlimani na sare za muhula mpya.

Mkeo,
Mama Nekesa