Saa ya Kituo cha Baba

Kaka yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, wifi na watoto, na kwamba magoti ya mama yametulia. Mimi ni mzima kabisa, tena nalala usingizi mnono ambao sijaupata kwa miaka ishirini na moja. Kaa karibu na mama umsomee polepole, maana macho yake hayamsaidii tena na habari hii ni yake kuliko yetu sote.

Yule Mzee Rula, mkuu wa baba kazini, nimempata.

Mnajua nafundisha maofisa wanafunzi kufuatilia vitu vinavyozunguka angani, setilaiti na mabaki ya roketi. Wanapima kwa darubini kitu kiko upande gani, juu kiasi gani, na saa ngapi hasa. Kila siku nawaonya wasifanye mchezo na saa, kwa sababu vitu hivyo vinakimbia zaidi ya kilomita saba kwa sekunde moja.

Safari hii, kwa mtihani wa mwisho, niliwapa vipimo vya baba, vile vile vilivyomfukuzisha kazi. Sikusema ni vya nani. Niliwaambia tu kwamba kituo kimoja kilitangaza kipande cha roketi kimehama njia, wakubwa wakahangaika bure, kumbe hakikuhama, na mpimaji akaitwa mzembe. Watafute kosa. Halafu nikamwalika Rula, mkuu mstaafu wa kituo hicho, awe mgeni wetu. Alikuja na suti iliyonyooka na rula ile ile kwapani, kaka, sikutanii. Nikampa kiti cha mbele kabisa.

Binti mmoja alisimama ubaoni akaeleza kwamba vipimo vyote viko juu ya njia ya kile kipande, ila kila kimoja kimetangulia kilomita thelathini. Mpimaji hakukosea hata mara moja. Saa ya kituo ndiyo iliyochelewa, sekunde nne. Kisha akauliza kwa adabu saa hiyo ilikuwa chini ya nani, na darasa zima likamgeukia mgeni.

Rula aliilaza rula yake magotini. Akasema, "Chini yangu."

Hapo nikawaambia mpimaji alikuwa baba yangu mzazi, na kwamba mtu huyu alimvua mkanda gwaride zima likitazama, na sisi tumesimama barabarani na magodoro yetu, kwa kuwa nyumba ya kazi tulitolewa asubuhi ile ile. Sikupandisha sauti. Nilitaka asikie kila neno, na alisikia. Mkuu wa chuo ameahidi kuandika barua ya kumsafisha baba jina. Mama, utaitundika sebuleni. Nisalimieni wote, hata yule jirani aliyetucheka; yeye msalimieni mara mbili.

Kaka, karatasi hii ya pili usiisome kwa sauti.

Kwenye majalada ya kituo kulikuwa na daftari la saa. Kila asubuhi saa ililinganishwa na ya redio, na aliyelinganisha akatia sahihi. Rula alimpa baba kazi hiyo. Sahihi ya siku ile ni ya baba, na mkia wake ule mrefu tulioujua kwenye ripoti zetu za shule. Alitia sahihi bila kulinganisha. Niliuona ukurasa huo mwezi mmoja kabla ya mtihani, nikaung'oa daftarini.

Mlangoni Rula aliniuliza taratibu, "Ukurasa wa saa uliuona?"

Nikamjibu sikuuona. Akaitikia kwa kichwa, akanishikia mlango nipite kwanza.

Angeweza kusema mbele ya wote, hakusema. Nimejaribu kumhurumia, nimeshindwa. Makosa ya baba yalikuwa sekunde nne. Ule mkanda alimvua taratibu, tundu baada ya tundu, huku akitutazama. Ningepata nafasi tena ningefanya vile vile.

Ukurasa umo ndani ya bahasha. Wewe ndiye mkubwa, uchome au uufiche, ila mama asijue.

Mdogo wako,
Mwalimu