Mbwa Amebaki Wanale

Jumamosi, Jinja

Afadhali nilimkatalia yule mwenye duka wa Buwenge aliyetaka kumchukua mbwa wangu. Alitaka kumfunga mnyororo mchana kutwa, eti ndipo awe mkali. Maneno yake yameniudhi wiki nzima.

Leo nimempeleka mtoto wangu wa mbwa, chotara mwenye miguu minene, hadi Mbale, kwa afande wa magereza anayeishi Wanale na mkewe na watoto. Wezi wamewavunjia nyumba mara mbili. Afande alimpenda papo hapo. Mkewe alibaki mlangoni.

"Mimi mbwa aliniuma nikiwa mdogo," akasema. "Huyu atakuwa mkubwa?"

Ningeweza kumdanganya, maana mwenye nyumba wangu hataki mbwa tena. "Atakuwa mkubwa sana, mama."

Nikaanza kuwaza nitarudi naye vipi Jinja, na nikirudi naye...

Kisha akaingia jikoni, akatoka na posho, ule ugali wa mahindi, iliyochanganywa na dagaa. "Basi nitamlisha mimi mwenyewe," akamwambia mumewe, "ili anijue mimi kwanza." Akaweka sahani chini, akarudi nyuma kidogo, halafu akachuchumaa kumtazama.

Nilipoaga, mbwa hakuinua hata kichwa kutoka kwenye sahani. Iliniuma, ingawa makao ya kutulia hivyo ndiyo niliyoenda kumtafutia.