Kinyonga wa Ua wa Kaiyaba

Prof,

Walikuzika kwenu magharibi, na sisi wa mtaa wa Kabiro hatukuweza kufika. Kwa hivyo nakuandikia. Kuongea mbele ya watu bado kunanishinda.

Ule ua wa miiba, wa kaiyaba, nyuma ya ploti yetu, uliokuwa ukiupekua kwa utafiti wako wa vinyonga, haupo tena. Ulisema vyura wa kinamasi cha Kibera walishatuponyoka, tusiwapoteze na hawa. Landlodi anataka kujenga vyumba vingine. Alileta vijana wenye panga hata matanga yako hayajaisha.

Yule kinyonga jike uliyeniachia nimwangalie alikuwa ndani ya ua huo, tumbo limejaa. Mama Brayo wa mlango wa pili alipomwona akapiga mayowe: "Ndiye huyo alimmaliza profesa! Mchomeni!" Si unakumbuka walivyokuwa wakikuonya kwamba kinyonga huleta kifo? Ulikuwa unacheka tu.

Nikasema, "Ana mimba." Sauti ilitoka ndogo, kama kawaida yangu.

"Mimba ya nani, siste?" Vijana wakacheka. Mmoja akaanza kumwaga mafuta ya taa kwenye ua.

Ulipokuwa hai, siku zote nilikuwa nikimbeba kwa kijiti. Uliniambia, "Mshike kwa mkono, Nekesa. Wakiona kijiti watajua unamwogopa, na wao wataogopa." Sikuweza. Siku hiyo nilitia mkono kwenye miiba nikamtoa. Alinikaza vidole, baridi, na watu wote wakarudi nyuma. Hata mama yangu. Nyuma yangu ua ukashika moto, moshi ukatufunika.

Mama alikataa niingie naye nyumbani. Nikamweka nje, kwenye beseni lenye matawi. Asubuhi alikuwa amezaa. Wengi walitoka wamekufa. Naye mwenyewe akafa kabla jua halijawa kali. Labda ni ule moshi. Labda ni mimi, nilimshika vibaya. Wewe ungejua, Prof. Sina mwingine wa kumuuliza.

Wachache waliobaki niliwapeleka kwenye maghorofa ya Highrise ulikokuwa ukiishi, kwenye maua yaliyo chini ya nyumba yako. Soja wa getini akaniuliza, "Unatafuta nani?" Nikajibu, "Prof." Akatazama chini. Dirishani kwako kuna mapazia ya watu wengine.

Sijui kama wataishi. Nitakuwa nikija kuwaangalia. Na watoto wa pale wakinifuata, nitamweka kinyonga mmoja mkononi mwangu mbele yao, bila kijiti.

Lala salama, Prof.

Nekesa