Jicho la Baba Neema na Kiti cha Gari

Itigi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Nimesikia umepalilia alizeti peke yako, na hilo limenikaa rohoni. Sisi huku tupo. Neema anakimbia sasa, kuku wa jirani wanamkoma. Hiyo ndiyo habari njema, nimeanza nayo ili uketi vizuri.

Ujumbe wako umefika, kwamba nifunge vitu vyangu nirudi Kinyangiri na mtoto, kwa sababu mwanaume asiyeona hawezi kulisha nyumba. Nilitaka kukujibu kwa simu, lakini nikisikia sauti yako ninalia tu, salio linaisha bila neno. Kwa hiyo nimeandika. Mdogo wangu Daudi akusomee, naye asiruke mahali.

Mama, ulivyoambiwa sivyo. Baba Neema hakupigana na mtu wala hakulewa. Alipigwa na gari lililosimama.

Kuna mama mmoja mwenye duka Singida mjini, huja huku kununua asali. Gari lake ni dogo, na kwenye ubavu wa kila kiti cha mbele kumefichwa mfuko wa hewa, mafundi wanauita eabegi. Gari likigongwa ubavuni, mfuko unalipuka na kujaa ili kumkinga mtu. Sasa taa yake ya dashibodi ilikuwa inawaka haizimi, maana yake siku ya ajali huenda mfuko usitoke. Na yule mama anabeba wajukuu humo.

Gereji anakofanya kazi Baba Neema haina ile kompyuta ya kusoma ugonjwa wa gari. Hapa wanapima kwa taa: balbu ndogo yenye waya mbili, unagusa huku na huku, ikiwaka unajua umeme unafika. Honi, starta, taa za mbele, vyote wanapima hivyo. Baba Neema akaingiza mkono chini ya kiti cha abiria, akaipata soketi ya njano, akagusa na taa yake kama alivyozoea. Betri hakuifungua. Umeme mdogo uliopita kwenye ile balbu ukatosha kuulipua mfuko.

Nilikuwa nje nawauzia mafundi uji. Nilisikia kama tairi la lori limepasuka. Nilipofika alikuwa amekaa chini, uso umejaa vumbi jeupe, damu inamtoka puani, ananiuliza, "Mama Neema, mbona mmefunga milango?" Na gereji ni uwanja wazi, tulikuwa juani.

Daktari wa macho alisema jicho la kulia litapona. La kushoto damu ilijaa ndani, tusubiri, na asiiname wala kubeba kitu kizito. Tumesubiri. La kulia linaona. La kushoto linajua tu kwamba ni mchana. Sikio moja nalo linavuma.

Mzee Rajabu, mwenye gereji, akaagiza kiti cha mtumba chenye mfuko mzima. Kilipofika, fundi mmoja akasema, "Kiti funga, taa ikigoma toa balbu ya dashibodi. Mama wa watu ataondoka anacheka."

Baba Neema alikuwa kwenye benchi na kitambaa usoni. Akasema, "Na wale wajukuu utawaambia nini?"

"Basi ingia wewe chini ya kiti."

"Siruhusiwi kuinama. Ataingia mke wangu, ana mikono midogo."

Walicheka, Mama. Yule fundi akaniuliza kama nitalikoroga gari kwa mwiko. Nikamwambia, "Uji wangu unakunywa kila siku na hujafa."

Kwanza Baba Neema alinifungulisha betri, kisha akanizuia nisiguse kitu, mpaka umeme uliobaki ndani uishe. Nilikaa namnyonyesha Neema. Nikafunga kiti, nikaunga soketi, tukarudisha betri, swichi ikawashwa. Taa haikuzima. Ndipo tukajua kwamba hata ule mfuko wa kwanza ulikuwa mzima, ubovu uko kwingine. Pigo lote lile lilikuwa la bure. Baba Neema alishika tu magoti yake.

Tukafungua betri tena, tukangoja tena. Nikalala kifudifudi, nikainua kapeti.

"Unaona nini?"

"Uchafu mweusi. Na sisimizi."

"Nusa."

Ilikuwa asali. Yule mama husukumia kidumu cha asali chini ya kiti ili kisipinduke njiani. Ilivuja ikaingia kwenye soketi ya upande wa gari, vumbi likagandia, pini zikaota kutu. Nilisugua kwa mswaki na spiriti, pini moja ikakatikia mkononi. Nililia kidogo. Akaniambia kile kiti cha mtumba kilikuja na kipande cha waya chenye soketi kama hiyo, nikiunge hicho, rangi kwa rangi. Nikalehemu, moshi wote unaingia puani.

Tulipowasha swichi, taa ikawaka kidogo, ikazima, ikabaki imezima.

"Imezima?"

Nikasema imezima. Akauliza tena. Nikamgeuza kichwa taratibu, aangalie mwenyewe kwa jicho la kulia.

Mzee Rajabu hakunisifu. Alisema tu, "Kesho mje wote wawili. Yeye aseme, wewe ufanye."

Mama, hilo ndilo jibu langu. Sirudi. Daktari ametuambia tusilitegemee tena lile jicho la kushoto, na mume wangu akibaki peke yake huku atakaa ndani tu mpaka aoze. Lakini naamini nitaijua hii kazi.

Ila gereji si mahali pa Neema. Kuna tindikali ya betri, kuna vyuma, juzi nimemtoa nati mdomoni. Naomba uje umchukue ukae naye mpaka tutakaposimama. Nimeanza kumwachisha ziwa, napaka shubiri. Ananitazama kama nimemwibia.

Nisalimie shangazi Naomi anayekuchotea maji, na baba mdogo, umwambie kuhusu ulevi alikosea. Mwambie Daudi asisahau shule.

Neema akikosa usingizi mshike kisigino, hutulia. Na mwache akuite bibi, Mama. Neno mama amelijua juzijuzi tu. Nisaidie anitunzie.

Mwanao akupendaye,
Esta